Kuku wa Mzee Mwinyijuma

Simu ilipokuja nilikuwa nakaanga mihogo barazani kwetu Mabawa, Tanga. Alikuwa mavyaa wangu, Bi Asmahani, mama yake Haidar mume wangu, anapiga kutoka Mwera. Hata hakungoja nimwamkie.

"Haidar kaanguka mnazini, kavunjika mguu," akasema. "Ila usihangaike. Kuku hajambo."

"Kuku gani, mama?"

"Kuku wa mguu," akanijibu, kama vile kila nyumba ina wake.

Basi mtu kavunjika, nami naletewa habari za kuku. Nilimwachia jirani karai likiwa bado motoni, nikabadili kanga, nikaondoka. Mimi si mtu wa kutulia hata siku za kheri. Siku ile nilikuwa sikai sisimami, na tangu Tanga mpaka kwenye kivuko cha Pangani nilimpigia Haidar simu mpaka chaji ikakaribia kwisha. Hakupokea.

Nieleze hilo la kuku, maana nami nilielezwa nikiwa nimesimama mlangoni na vumbi la bodaboda mwilini. Pale kijijini kuna mzee anayeunga mifupa, Mzee Mwinyijuma, kazi aliyoirithi kwa babu yake. Akiitwa kwa mtu aliyevunjika, anaunyosha mguu, anaupaka dawa na mafuta ya nazi, anauzungushia mabanzi ya mwanzi, anakaza kwa kitambaa. Akimaliza anaomba kuku. Anamvunja kuku mguu uleule, wa kulia kwa wa kulia, anamfunga dawa ileile na kitambaa kilekile. Kuanzia hapo watu wanamtazama kuku. Kuku akila, mgonjwa yuko njiani kupona. Kuku akisimama, mgonjwa anafunguliwa, na mzee anaondoka na kuku wake. Katikati hapo hakuna wa kugusa kitambaa, si cha mtu si cha kuku, mpaka mzee arudi mwenyewe.

Na tusimsingizie mzee wa watu. Bi Asmahani mwenyewe aliwahi kuvunjika mkono, akaungwa na huyohuyo. Umepinda kidogo kwenye kiwiko, lakini ndio unaokuna nazi mpaka leo. Ukimwambia mavyaa wangu neno juu ya Mzee Mwinyijuma, anakunyooshea mkono ule usoni, mazungumzo yanaishia hapo.

Nilimkuta Haidar amelazwa ukumbini juu ya godoro, mguu umefungwa tangu chini ya goti mpaka kwenye kifundo, vidole tu ndivyo vilivyo nje. Ubavuni mwake, ndani ya tenga, kuku mwekundu naye amefungwa vilevile.

"Umekuja kumtazama nani?" Haidar akaniuliza. "Mimi au mwenzangu?"

Nilicheka, kisha nikaona jasho. Lilikuwa limetanda juu ya mdomo wake, na mkono mmoja ameufumbata kwenye ukingo wa godoro. Haidar ameanguka mara ngapi katika kuangua nazi, na hajawahi kunionyesha sura ile.

Nikataka kuushika mguu. Bi Asmahani akanizuia. "Mke haugusi mguu wa mvunjiko. Dawa itachafuka. Kaa pale."

Nikakaa pale, yaani kizingitini, kama mgeni wa msiba.

"Kwa nini asipelekwe hospitali?" nikauliza. "Wapige picha tuone mfupa umekaaje."

Wakatazamana mama na mwana. Najua walikuwa wanamfikiria Sele, rafiki yake Haidar, aliyeanguka pikipiki mwaka juzi. Sele alikwenda hospitali na miguu miwili akarudi na mmoja.

"Hospitali wanakata," Haidar akasema. "Mkwezi akikatwa mguu, Tuhfa, ni nini tena? Nitakaanga mihogo na wewe?"

Hilo ndilo lililokuwa linamtisha, na mimi pia. Haidar bila mnazi simjui. Ila moyo haukukubali abaki pale.

Siku iliyofuata maumivu yalizidi. Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka nyumba. Mtu aliyelala kimya, mguu umetulia, unamuumaje zaidi kuliko jana? Kila nikichungulia naona kitambaa kimezama kwenye nyama, juu na chini yake ngozi imevimba inang'aa. Nikamwambia Bi Asmahani amwite mzee aje alegeze. Akasema Mzee Mwinyijuma amekwenda Maramba kwenye hitima ya nduguye, simu haipatikani, na alipoaga alisema arudi akute dawa haijaguswa. Nikaenda kisimani na ndoo, nikarudi. Nikaenda tena na pipa lilikuwa limeshajaa. Rahimu, shemeji yangu, alikuwa uani anapakia nazi kwenye kirikuu chake, kigari cha mizigo.

"Shemeji, keti," akaniambia. "Unatutia kizunguzungu."

Alfajiri ya siku ya tatu Haidar akaniita mwenyewe. Uso umekunjuka, jasho limekauka. "Haiumi tena," akasema. "Hata kidogo."

Bi Asmahani akainua mikono akamshukuru Mungu. Akaenda kupika uji wa pilipili manga, akamtupia kuku punje za mtama, na kuku akala kwa fujo. Nami nililia kwa furaha, sifichi. Nikatoka uani kumpigia Anastazia nimpe habari njema. Anastazia ni jirani yangu wa Mabawa, mlango kwa mlango, muuguzi, na ndiye aliyebaki na karai langu.

Nikamwambia, "Shoga, maumivu yamekatika." Nikangoja afurahi.

Hakufurahi. Akaniuliza, "Anaweza kuvichezesha vidole?"

"Sijui."

"Ukivigusa anajua umemgusa?"

"Siruhusiwi kugusa."

"Tuhfa, sikiliza. Mfupa una subira. Ukitulizwa mahali pake unajiunga wenyewe, na hata ukiunga vibaya kuna namna ya kuutengeneza. Nyama isiyopata damu haina subira. Mguu uliofungwa ukavimba, ukauma kupita kiasi, kisha ghafla ukaacha kuuma, huko si kupona. Ni ganzi. Nenda ukambonyeze ukucha wa kidole gumba. Utakuwa mweupe. Ukiachia, damu irudi hapohapo. Isiporudi, usinipigie mimi, tafuta gari."

Niliingia ukumbini bila kuvua hata ndala. Bi Asmahani alikuwa anakoroga uji jikoni. Nikapiga magoti, nikashika kidole cha mume wangu. Kilikuwa baridi. Nikabonyeza ukucha, nikaachia, nikangoja. Haukubadilika, ulibaki mweupe. Niliwahi kumwosha bibi yangu alipofariki, na ukucha wa namna ile naujua.

"Haidar, nimekushika wapi?"

"Hujanishika," akasema.

Nikambana kidole kwa kucha zangu kwa nguvu. Alikuwa ananitazama usoni, anangoja nimshike.

Bi Asmahani akanikuta hapo. Sikumpa nafasi ya kugomba. "Mama, mguu unakufa. Tumpeleke sasa hivi."

"Nani kakwambia unakufa? Mwenyewe anasema hauumi."

"Ndiyo maana, mama. Haujui hata ukiguswa."

"Kuku anakula," akasema, na kweli alikuwa anakula. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Haidar akaingilia kati, mpole, kama mtu anayetenganisha watoto. "Tuhfa, mwache mama. Anajua."

Nilimchukia wakati ule, Mungu anisamehe. Nilimchukia kwa upole wake. Nikatoka kwa Rahimu. Nikamwambia tumbebe, nazi zibaki. Rahimu ni mtu mwema, lakini akashika usukani akatazama chini. "Shemeji, siwezi kumtoa mtu ndani mama hajasema."

Nikazunguka nyumba tena. Ningeweza kupiga kelele majirani wakaja, na majirani wangemtazama nani? Kuku. Kila aliyeingia nyumba ile kwa siku mbili alimjulia hali kuku kabla ya mgonjwa. Neno langu, mwanamke wa mjini muuza mihogo, lingeingia lini mbele ya neno la kuku?

Hapo nikasimama. Nikasema moyoni, basi na aulizwe huyohuyo.

Nikapita jikoni nikachukua kisu cha kukatia mboga. Nikamtoa kuku kwenye tenga, nikatoka naye uani, nikaketi chini nikambana mapajani. Kitambaa kilikuwa kimekazwa hasa. Nadhani mzee alikaza zaidi kwa sababu kuku hupapatika. Nikakikata kidogo kidogo, nikatoa vijibanzi vya mwanzi, nikafuta dawa. Harufu ilinifikia kabla sijauona. Chini ya kitambaa mguu ulikuwa mweusi, vidole vimejikunja, baridi kama jiwe la kisimani. Na kuku ametulia. Nikaukunja mguu ule huku na huku, hakulia wala hakushtuka.

Nikarudi ndani. Bi Asmahani alikuwa ameketi karibu na mwanawe anampoza uji. Nikamwekea kuku mapajani, juu ya kanga yake.

Akakiona kitambaa hakipo. "Umefungua," akasema. "Umemfungua kuku. Tuhfa, umeniulia mwanangu."

"Mama, wewe mwenyewe umesema mguu wa kuku ndio mguu wa Haidar. Utazame."

Hakutaka. Alinitazama mimi, macho yamejaa machozi na ghadhabu, na nilifikiri atanipiga. Kisha akainamisha kichwa. Akaugusa mguu kwa kidole kimoja. Akaubonyeza. Akaubana kwa kucha, kama nilivyombana mwanawe. Punje ya mtama ilikuwa imenasa kwenye mkunjo wa kanga yake, na muda wote ule anaobana, kuku alikuwa anaidonoa ile punje, anaihangaikia mpaka akaipata akaimeza.

Bi Asmahani alimtazama akimeza. Akamweka chini taratibu, akamgeukia Haidar, akamshika kidole cha mguu.

"Nimekushika wapi, baba?"

Nilimwona Haidar anatafuta jibu, anatafuta usoni mwa mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona ameogopa.

"Rahimu," Bi Asmahani akaita, "shusha nazi."

Nikampigia Anastazia. Akasema tukate kitambaa chote tusingoje kufika, mabanzi tuyashikilie kwa mikono mguu usichezecheze, tusikande, tusipake kitu. Nilimpa Bi Asmahani kisu. Sikutaka iwe mimi. Alikata kwa mkono wake ule uliopinda, anasoma dua chini chini, na nyama ikatoka kwenye kitambaa kama unga ulioumuka. Kulikuwa na alama za mwanzi zimezama humo, za rangi ya zambarau.

Tulikuwa tumekwisha kumpakia, tunakaribia kivuko pale Bweni, Haidar alipoanza kuguna. Kisha akalia. Mwanamume mzima, mkwezi wa minazi, akalia kwa sauti, anamwita mama yake, anasema mguu unawaka moto. Na mimi nikacheka. Nimemshika kichwa, nacheka na machozi yananitoka, na Rahimu anageuka kunitazama kama nimerukwa na akili. Ulikuwa unauma. Kilichokufa hakiumi.

Kivuko kilikuwa ng'ambo ya pili. Nilikwenda mpaka kwenye maji, nikarudi, nikaenda tena. Bi Asmahani alikuwa ameketi nyuma na mwanawe, kila baada ya muda anabonyeza ukucha, na sikumsikia akitaja kuku.

Hospitalini hawakututia katika mstari. Daktari alibonyeza, akauliza kitambaa kimetolewa saa ngapi, akaagiza chumba. Alituambia wazi kwamba watapasua ngozi pande mbili za mguu ili nyama iliyobanwa ipumue, na kwamba hawezi kuahidi vidole vyote. Bi Asmahani akamuuliza swali lililokuwa limekaa kooni mwetu tangu mwanzo. "Mtamkata?"

"Mama, tunaokata wengi ni wale wanaoletwa wameshachelewa. Huyu kaletwa angali na nafasi. Tuombe Mungu."

Mguu ulibaki. Kidole cha mwisho hakikurudi, kilibaki cheusi mpaka kikatolewa. Mifupa yote miwili ya muundi ilikuwa imevunjika. Vidonda vilipofunga na uvimbe ukaisha, wakamfunga hogo la plasta, nami nikamleta kwetu Mabawa. Bi Asmahani akaja naye. Na kuku akaja, ndani ya tenga, kwa sababu mama hakumwamini mtu wa kumwachia. Mguu wa kuku ulikuwa umekatika wenyewe pale palipofungwa. Alikuwa anarukaruka na mmoja barazani kwangu, anawaibia wateja mihogo.

Ikawa zamu ya Haidar kukosa utulivu. Mwezi haujaisha vizuri anataka kukanyaga. "Kuku anatembea, mimi nimelala kama mwali," anasema. Anastazia akija jioni anamkalisha. Anamwambia mahali palipovunjika damu huganda kwanza, halafu panaota kitu laini kama gegedu la pua, ndipo polepole panakuwa mfupa. Ukiukanyagia ungali laini unapinda, au hauungi kabisa. Wa kuku huchukua wiki, wa mguu wa mtu mzima huchukua miezi, na wake una makovu juu yake. Haidar anasikiliza, Anastazia akiondoka ananiuliza mimi kama kweli.

Siku moja nikiwa jikoni nasikia hodi. Mzee Mwinyijuma, kanzu imepigwa pasi, kofia mkononi. Alikuwa ametoka Mwera asubuhi. Mimi nilikuwa nimemwekea maneno yule mzee. Nilikuwa nimeyapanga miezi yote ile, nikikaanga, nikifua, nikimwogesha mume wangu, nayaongeza moja moja. Nikasema shikamoo, maana adabu ni adabu, nikamkaribisha.

Hakuketi. Kuku alikuwa amekuja miguuni pake kumdonoa ndala. Akamwinua, akamgeuza, akakitazama kile kigutu muda mrefu. Akakipitishia kidole. Bi Asmahani alikuwa kwenye mkeka, mkono wake uliopinda ameuficha ndani ya kanga.

"Niliukaza," mzee akasema. "Wa huyu na wa kijana. Niliona atajitikisa."

Akamweka kuku chini. Haidar akamwambia amchukue, ni haki yake, desturi ni desturi.

"Nimchukue kwa uso gani?" akajibu.

Kisha akapiga magoti, kwa shida, mbele ya mguu wa Haidar ulionyooshwa juu ya kigoda. Akavitazama vidole vilivyotokeza kwenye hogo, vinne, na pale palipokuwa na cha tano. Akanigeukia mimi.

"Wanasema kuna kubonyeza," akasema. "Nionyeshe, mwanangu. Nina mtu nyumbani nimemfunga jana."

Maneno yote niliyomwekea sikukumbuka hata moja. Nikaketi chini karibu naye, nikamshika kidole gumba chake, nikakiweka juu ya ukucha wa mume wangu.